Barua za Wasomaji: Nyuso Zilizokwanguliwa Kwenye Sarafu za Roma

Mwezi huu barua karibu zote zinazungumzia sarafu za kale za Roma. Ni kwa sababu toleo lililopita niliandika kwamba nikikuta sarafu yenye neno la mapatano ya familia, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni tarehe yake, na wasomaji wametaka nifafanue. Kwa walioanza kunisoma karibuni: nilifundisha historia Tanga, na sasa naishi kwa binti yangu Trier, Ujerumani, mji ambao Warumi wenyewe walipigia sarafu zao. Mwaka 1993 wachimbaji wa msingi wa jengo hapa walikuta hazina ya sarafu za dhahabu zaidi ya 2,500, na zinaonyeshwa katika jumba la makumbusho la mji. Nimechagua barua tano.

*Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu aliye Uingereza amenitumia sarafu ndogo ya fedha. Upande mmoja kuna kijana asiye na ndevu na maandishi P SEPT GETA CAES PONT. Nyuma amesimama mtu wa vita, na maandishi PRINC IVVENTVTIS. Aliyemuuzia alimwambia uso huu ulipigwa marufuku. Kijana huyu alikosa nini?*
Msomaji, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Kosa lake ni kuzaliwa wa pili katika nyumba yenye kiti kimoja.

Geta alikuwa mtoto mdogo wa Septimius Severus, aliyetawala kuanzia mwaka 193 hadi 211 baada ya Kristo. Baba huyu ni Mwafrika, mzaliwa wa Leptis Magna, ambayo magofu yake yako pwani ya Libya. Mama yao, Julia Domna, alitoka Emesa, ndiyo Homs ya Syria. Kaka mtu tumezoea kumwita Caracalla, lakini hilo ni jina la utani lililotokana na joho alilopenda kuvaa. Kwenye sarafu utamkuta kwa jina la ANTONINVS. Ndugu hawa hawakupishana hata mwaka kamili.

Sasa tuisome sarafu yako. P SEPT ni kifupi cha Publius Septimius. CAES ni Caesar, wakati huo cheo cha mrithi, ingawa kwa Kiswahili neno kaisari tunamwita mtawala mwenyewe, na PONT ni nafasi ya ukuhani. PRINC IVVENTVTIS ni kiongozi wa vijana, sifa waliyopewa watoto wa kaisari waliotazamiwa kurithi. Yule mtu wa vita ni Geta mwenyewe, na pembeni yake, ukiigeuza kwenye mwanga, utaona nguzo iliyovishwa silaha za maadui waliotekwa. Wakati inapigwa, huyo mshindi wa vita hakuwa ametimiza miaka 15. Mtazame shavu. Mchongaji hakumkuza, ameacha unono wa utoto palepale chini ya jicho, na mimi kila nikiiona sarafu ya namna hiyo moyo unaniuma, kwa kuwa najua kilichomfika.

Baba yao aliiona hatari mapema, na sarafu zake zinaonyesha alivyohangaika kuificha. Karibu mwaka 201 ilipigwa sarafu ya dhahabu yenye sura ya Julia Domna akitazama mbele, mwana mmoja huku na mwingine huku, na maneno FELICITAS SAECVLI, yaani neema ya zama hizi. Mwaka 202 Caracalla akaozwa Plautilla, binti wa Plautianus, mkuu wa askari walinzi wa kaisari na mwenyeji wa Leptis Magna vilevile. Sarafu ya harusi inawaonyesha bwana na bibi wameshikana mikono, na pembeni CONCORDIAE AETERNAE, mapatano ya milele. Caracalla hakumtaka kabisa. Mwandishi Herodian anasema hakukubali kula naye wala kulala naye. Mwaka 205 baba mkwe akauawa, Plautilla akafukuziwa kisiwa cha Lipari, na huko akauawa Severus alipokwisha kufa. Milele hiyo ilidumu miaka mitatu.

Severus alifariki York, Uingereza, tarehe 4 Februari 211. Cassius Dio, seneta aliyeishi siku hizo, anatupa wosia wake kwa wanawe: pataneni, watajirisheni askari, wengine wote msiwajali. Walirudi Roma na maiti ya baba wakiwa tayari hawalali nyumba moja. Kwa maelezo ya Herodian, waliligawa kasri katikati wakaziba milango ya ndani, kisha likaja wazo la kuigawa dola yenyewe, mmoja achukue magharibi na mwingine mashariki. Mama yao akawauliza: nchi na bahari mmeona namna ya kuzigawana, mimi je, mtanigawaje?

Desemba mwaka huohuo Caracalla alimwomba mama awaite wote wawili chumbani kwake ili wapatane. Geta akaja bila walinzi. Askari waliokuwa wameandaliwa wakaingia, kijana akamkimbilia mama akamning'inia shingoni, na wakamuua hapohapo mikononi mwake. Dio anasema Julia Domna aliloa damu ya mwanawe hata hakuliona jeraha la mkononi mwake mwenyewe. Kisha akakatazwa kumlilia. Alikuwa na watoto wawili tu duniani, mmoja akiwa muuaji wa mwingine, naye alilazimika kuonekana mwenye furaha mbele za watu.

Ndipo likaja hilo marufuku. Jina la Geta lilichongwa likatoka kwenye majengo. Tao la baba yake lililosimama Roma mpaka leo lina sehemu ambapo maandishi ya awali yaliondolewa na mengine kuwekwa juu yake. Berlin kuna picha ya rangi juu ya ubao wa mviringo, iliyotoka Misri, ikiwa na baba, mama na watoto wawili. Uso wa mtoto mmoja umekwanguliwa hadi ubao, na kwa kawaida husemwa ni Geta. Dio anaongeza kwamba Caracalla aliziyeyusha sarafu zenye sura ya ndugu yake.

Lakini sarafu si sanamu ya uwanjani. Zilikuwa zimeshatawanyika toka Uingereza hadi Syria, ndani ya mifuko, vibubu na vyungu vilivyofukiwa chini ya sakafu. Fedha ni fedha, na mwenye nayo hakuwa tayari kuitupa kwa sababu ya ugomvi wa ndugu. Ndiyo maana Geta wa fedha si adimu leo, na kaka yako nadhani hakumaliza mshahara wake. Pia usitegemee ni fedha tupu. Severus aliwaongeza askari mshahara na akapunguza fedha kwenye sarafu, ikabaki karibu nusu, iliyobaki ni shaba.

Miji mingine iliifanya kazi ya kufuta kwa mikono yake. Huko Stratonikeia, Uturuki ya leo, kulikuwa na sarafu kubwa za shaba zenye vichwa viwili vilivyotazamana, Caracalla na Geta. Nyingi zimebaki hivi: upande mmoja Caracalla mzima na ndevu zake, upande wa pili doa lililosuguliwa laini, na mbele ya doa herufi chache za jina ambazo patasi haikuzifikia. Caracalla anatazama pasipo na mtu. Sarafu zilezile ziliendelea kutumika sokoni, mara nyingi zikiwa zimegongwa muhuri mdogo wa mji juu yake.

Jambo moja la kukusaidia ukipata nyingine: hesabu herufi G. AVG, kifupi cha Augustus, cheo cha mtawala mwenyewe, ni kaisari mmoja, AVGG ni wawili, AVGGG ni watatu. Baba na wanawe walipokuwa wote na cheo hicho, ziliandikwa G tatu. Baada ya kifo cha Geta, kwenye maandishi ya mawe utakuta G ya mwisho imechongwa ikatolewa.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tano. Kwa nini wanawake waliwekwa kwenye sarafu wakati Roma haikuwahi kutawaliwa na mwanamke?*
Mwanafunzi, Iringa

Marahaba, binti yangu. Kwa sababu kiti kilipita tumboni mwao. Kaisari hakuwa na katiba ya kumrithisha mtu. Alikuwa na mke, dada, mama, na watoto waliotokana nao au waliopangwa kupitia wao. Kumweka mwanamke kwenye sarafu ilikuwa njia ya kutangaza kwa mtu wa mbali kabisa kwamba nyumba ina mlango na mwenye ufunguo anajulikana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Agrippina, mama wa Nero. Aliolewa na kaisari Claudius, mdogo wa baba yake, akamfanya amchukue Nero kuwa mwana, ingawa Claudius alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Britannicus. Claudius alikufa mwaka 54, na waandishi wa kale wanasimulia kwamba Agrippina alimlisha uyoga wenye sumu. Nero akakalia kiti akiwa na miaka 16.

Chukua sarafu ya dhahabu ya mwaka huohuo 54. Mama na mwana wametazamana uso kwa uso, vichwa saizi moja. Soma maandishi yanayowazunguka: ni ya mama. Yanasema Agrippina Augusta, mke wa Claudius aliyetukuzwa, mama wa Nero. Jina la kaisari mwenyewe limepelekwa nyuma. Hakuna mwanamke kabla yake aliyepata hilo.

Chukua ya mwaka 55. Vichwa sasa vinatazama upande mmoja, kimoja nyuma ya kingine. Wa mbele ni Nero, na jina lake limehamia upande wa vichwa. Mama amebaki ukingo wa uso unaochungulia nyuma ya mwanawe, na jina lake ndilo lililopelekwa nyuma. Mwaka huohuo Britannicus alikufa mezani, wakati wa chakula.

Zinazofuata hazina Agrippina kabisa. Mwaka 59 Nero alimwandalia mama yake mashua iliyotengenezwa ivunjike baharini karibu na Baiae, pwani ya Italia. Ilivunjika, mama akaogelea hadi salama. Nero akatuma wauaji nyumbani kwake. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba alipoona upanga aliwaonyesha tumbo lake, akawaambia wapige hapo.

Mwalimu wako wa historia akikuuliza ushahidi wa kuanguka kwa Agrippina, weka kando vitabu kwa dakika moja umwonyeshe picha za sarafu hizo mbili. Zilipishana mwaka tu, na zilipigwa na watu wa ikulu, si na maadui zake walioandika baadaye.

Ukipata nafasi tafuta pia picha ya sarafu ya shaba ya kaisari Caligula, kaka yake Agrippina huyu, ya mwaka 37 au 38. Nyuma wamesimama dada zake watatu, kila mmoja na jina lake pembeni: Agrippina, Drusilla, Julia. Wamevalishwa kama Usalama, Mapatano na Bahati. Drusilla, ambaye ndiye Mapatano, alifariki mwaka 38, na mwaka 39 hao wawili waliobaki walifukuzwa na kaka yao kwa shutuma ya kula njama.

*Amani kwako Mwalimu. Nafundisha katekisimu. Ile dinari ambayo Bwana Yesu aliuliza sura yake ni ya nani, je, inajulikana?*
Msomaji, Bukavu

Amani kwako pia, ndugu yangu katekista. Injili haisemi ni ipi, ila kaisari wa wakati ule alikuwa Tiberius, aliyetawala mwaka 14 hadi 37, na wataalamu wengi huielekeza kwenye dinari yake iliyopigwa kwa wingi. Upande mmoja ni kichwa chake chenye shada la majani, na maandishi yanayomwita mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Kwa wasikilizaji wa hekaluni maneno hayo peke yake yalitosha kuchoma. Nyuma ameketi mwanamke mwenye fimbo ya enzi na tawi, na wengi humwona kuwa Livia, mama yake.

Ukiwafundisha, waambie na habari ya nyumba ile. Tiberius alikuwa na mke aliyempenda, Vipsania. Augusto akamlazimisha kumwacha ili amwoe binti yake Julia, kwa hesabu za urithi. Mwandishi Suetonius anaandika kwamba siku moja Tiberius alimwona Vipsania kwa bahati, akamfuata kwa macho yaliyojaa machozi, na tangu hapo ikahakikishwa asikutane naye tena. Julia naye alifukuzwa na baba yake mzazi mwaka wa 2 kabla ya Kristo, akapelekwa kisiwani. Na yule mama wa upande wa nyuma alipofariki mwaka 29, Tiberius hakwenda mazikoni.

*Mwalimu, je, sarafu hizi zilifika pwani yetu wakati wa Rhapta?*
Msomaji, Lindi

Tunacho kitabu kidogo cha safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, kilichoandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri katika karne ya kwanza. Yeye alikuwa makini na orodha. Kwa Adulis, bandari ya Eritrea ya leo, anataja dinari chache kwa ajili ya wageni waliokaa pale. Kwa Malao, ambayo ni Berbera, anataja sarafu za dhahabu na fedha, si nyingi. Akifika kwetu Azania, jina analoiita pwani yetu, hadi Rhapta, bandari yake ya mwisho, anataja mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen ya leo, mashoka, visu, vyuma vya kutobolea na vitu vya kioo, pamoja na divai na ngano za kuwapa wenyeji ili kujenga urafiki. Sarafu hakuzitaja. Watu wa pwani walitoa pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa, na wakachukua chuma. Mimi naona walijua wanachokihitaji.

*Habari Mwalimu. Nimeona mtandaoni sarafu za shaba za Roma zinauzwa bei ndogo kuliko viatu. Zinaweza kuwa za kweli? Na nikinunua nizisafisheje?*
Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam

Nzuri, mwanangu. Ndiyo, zinaweza. Shaba ndogo za karne ya nne, za kaisari Constantine na wanawe, zilipigwa kwa mamilioni, na bei ndogo peke yake si dalili ya ulaghai.

Za kweli zilipigwa kwa nyundo: kipande cha shaba kiliwekwa katikati ya mihuri miwili, kikagongwa. Ndiyo maana picha mara nyingi imekaa upande, na ukingo una nyufa ndogo. Bandia nyingi zimemiminwa kwenye kalibu. Hizo zina mshono ukingoni, vitundu vya mapovu usoni, na herufi zilizolainika. Muuzaji akiwa na mbili zenye ufa uleule mahali palepale, achana naye. Mwulize pia zilitoka wapi na ana karatasi gani. Sehemu za kale za Syria zimefukuliwa na wezi wakati wa vita, na fedha yako isiende kuwalipa hao. Muuzaji anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kukujibu.

Ukitaka ushauri wangu wa kununua moja tu, tafuta ya Crispus. Alikuwa mwana mkubwa wa Constantine, aliyezaliwa na Minervina kabla baba hajamwoa Fausta. Kuna shaba yake iliyopigwa hapa Trier, na pia London na Lyon, miaka ya 321 hadi 323. Nyuma kuna madhabahu yenye maandishi VOTIS XX, yaani nadhiri za miaka ishirini, juu yake tufe na nyota tatu, na kuzunguka BEATA TRANQVILLITAS, utulivu wenye baraka. Chini kabisa ukiona PTR au STR ni ya Trier, ukiona PLON ni ya London. Mwaka 324 Crispus aliongoza meli za baba yake zikashinda vita dhidi ya Licinius, kaisari mpinzani wake. Mwaka 326 baba yake aliamuru auawe, huko Pola, Croatia ya leo. Muda mfupi baadaye Fausta naye akauawa, inasemekana kwa mvuke wa bafu lililochochewa moto kupita kiasi. Waandishi wa kale hawakubaliani juu ya sababu, na wengine wanamtaja mama wa kambo kuwa ndiye aliyemchongea kijana. Sarafu za Fausta ni za miaka hiyohiyo: mwanamke amebeba watoto wawili kifuani, na maneno SPES REIPVBLICAE, tumaini la dola.

Constantine alipofariki mwaka 337 askari waliwaua ndugu wa upande wa Theodora, mke wa pili wa baba yake Constantine, akiwemo Delmatius na Hannibalianus ambao walishapigiwa sarafu. Wanawe waliobaki wakafanya jambo linalonishangaza mpaka leo: walitoa shaba ndogo za kumbukumbu za mabibi wawili waliokwisha kufa, Helena mama wa Constantine, na Theodora yuleyule ambaye uzao wake ulikuwa umetoka kuchinjwa. Ya Theodora inamwonyesha mwanamke akinyonyesha mtoto, na maneno PIETAS ROMANA. Pietas ni uaminifu kwa wazazi na jamaa. Hizi pia utazipata kwa bei unayoiweza.

Kuhusu kusafisha: limau, siki na waya wa kusugulia sufuria uviweke mbali. Asidi inakula ule utando wa kijani au kahawia unaoilinda shaba, na ukishatoka haurudi. Loweka kwenye maji yaliyosafishwa kwa mvuke, badilisha maji kila siku, kisha tumia mswaki laini na kijiti cha mbao. Ukiona unga wa kijani mpauka unaorudi kila ukiufuta, huo ni ugonjwa wa shaba. Itenge na nyingine, ikaushe vizuri na iweke mahali pasipo na unyevu, maana hewa ya Dar es Salaam itaumaliza uso wake mwaka haujaisha.

Wanaotaka niwasomee sarafu zao watume picha ya pande zote mbili, iliyopigwa kwenye mwanga wa ubavuni, pamoja na uzito kwa gramu. Mizani ya sonara inatosha.